Barua ya wazi kwa Benki Kuu, TCRA na wakuu wa mitandao ya simu: ipisheni shilingi mia

Waheshimiwa,

YAH: SHILINGI MIA KUSHINDWA KUVUKA KUTOKA SIMU MOJA KWENDA NYINGINE

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika simulizi. Sizungumzii vitabu vya dukani vyenye jalada. Zangu zinasomwa kwenye simu, sehemu baada ya sehemu, na watu walio kwenye daladala au wanaosubiri maharage yaive. Sehemu tano za mwanzo natoa bure kwenye magrupu. Ya sita inaishia mlango ukigongwa saa nane usiku na mwenye nyumba yuko safarini, na hapo ndipo biashara inapoanza: buku moja, yaani shilingi elfu, unatumiwa zote mpaka mwisho.

Wanaolipa wapo na nawashukuru, wamenisaidia kumfikisha mtoto darasa la nne. Lakini meseji zangu za faragha zimejaa watu wa aina nyingine. "Dada nina jero, mia tano tu, nipe hata sehemu mbili." "Dada mwisho wa mwezi mbali, nina mia tatu." Huyu wa mia tatu ni binti wa kazi za ndani, yuko Dar es Salaam. Nilipiga hesabu nikaona sehemu moja kwa mia hainiumizi, apate tatu, nyingine atachukua akipata. Nikamwambia atume. Akajaribu, simu ikamjibu kwamba salio lake halitoshi. Alikuwa na mia tatu kamili ya kununulia kitu cha mia tatu, hakuwa na ya makato. Nilimpa bure akaniombea dua ndefu, nami nikabaki nawaza: hela ilikuwepo, simulizi ilikuwepo, muuzaji na mnunuzi tumekubaliana, na bado biashara imefia njiani.

Mtaani kwangu Kihonda, hapa Morogoro, kila kitu kinauzwa kwa kipimo cha mfuko wa mnunuzi. Mangi wa dukani anapima mafuta ya kula ya mia mbili, anauza sigara moja, panadol mbili, chumvi ya mia, sabuni aliyoikata vipande kwa uzi. Mtoto akitumwa na mia mbili anarudi na mafuta ya mia mbili. Mangi hatozi hela ya kufungua droo. Faida yake imo ndani ya mafuta, wala hatukatai, tunajua kabisa kwamba mafuta ya kupima ni ghali kuliko ya dumu. Ila tunakula leo. Wasomaji wangu walioshindwa buku ni watu hao hao wanaoishi kwa kupima, na mimi nimelazimika kuwauzia dumu zima kwa sababu njia ya kupitisha kipimo haipo.

Makato tumeyazoea mpaka yameingia kwenye lugha. Mtu akikuomba hela siku hizi anamalizia na maneno matatu: "na ya kutolea". Mkubwa anayasema, mdogo anayasema, kwenye misiba yanasemwa. Wataalamu wa Kiswahili wakitafuta msemo uliozaliwa na jedwali la ada, huo hapo.

Mtaniambia jedwali lenyewe lina ngazi, mwenye kidogo analipa kidogo. Kwa tarakimu ni kweli. Tozo ya serikali kwenye miamala ilipoanza Julai 2021 ilikuwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala, juu ya ada ya kampuni, na kila mmoja wetu aliambiwa kwamba ni kidogo. Weka hiyo 10 juu ya 100: ni asilimia 10. Weka 10,000 juu ya milioni 3: ni thuluthi ya asilimia moja. Kelele za wananchi zilisikika, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka ule ule, mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na kwa hilo sina budi kushukuru, maana si kila barua inajibiwa. Uganda nako walianza Julai 2018 na asilimia 1 ya kila muamala wa simu. Kabla mwaka haujaisha wakashuka hadi nusu asilimia, tena kwenye kutoa peke yake. Kote huko watu walikuwa wanasema jambo moja kwa njia tofauti: kiasi kidogo hakibebi mzigo.

Na wala ugonjwa huu haukuanzia kwetu. Marekani, bei iliyozoeleka ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni kwa miaka mingi ilikuwa asilimia 2.9 ya mauzo ikiongezwa senti 30. Ile asilimia haina neno. Senti 30 ndizo zinazoua, kwa sababu hazijali umeuza nini. Uza kitu cha senti 25 na utamaliza siku ukidaiwa. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakijaribu kutafuta hela ya mtandaoni ambayo inaweza kukatwakatwa vipande vidogo. Mtaalamu wa hesabu David Chaum alianzisha kampuni ya DigiCash kule Amsterdam, ikafilisika mwaka 1998. Waliotunga kanuni ambazo kompyuta hutumia kuzungumza kwenye intaneti walikuwa na matumaini makubwa zaidi. Namba 404 mnaifahamu, ile inayosema ukurasa haupatikani. Ina jirani yake, 402, maana yake "malipo yanahitajika". Waliiweka akiba kwa matumizi ya baadaye, na kwa zaidi ya robo karne ilikaa kama chumba cha mgeni ambaye hafiki. Nafasi ya mgeni huyo ikachukuliwa na matangazo. Leo mwandishi wa Kiswahili anaambiwa andika, weka mtandaoni, utalipwa na matangazo. Nilijaribu miezi saba. Nisiseme nilipata nini, watoto wanasoma hii barua.

Sasa sisi tuna kitu ambacho Chaum hakuwa nacho. Kenya walianza M-Pesa Machi 2007, sisi mwaka uliofuata, na leo bibi asiye na kadi ya benki wala barua pepe anajua kutuma hela, kupokea na kumkaripia wakala. Wenzetu walitafuta barabara wakaikosa. Sisi barabara tunayo, imewekewa geti tu.

Na geti likifunguliwa anga haianguki. Machi 2020, corona ilipoingia, Kenya waliondoa ada ya kutumiana hela kwenye M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi zao 1,000, mpaka mwisho wa mwaka. Mwaka ulipoisha ada zikarudi, lakini si zote: kuanzia Januari 2021, shilingi 100 kushuka chini ilibaki bure. Shilingi 100 ya Kenya ni zaidi ya buku letu. Yaani simulizi yangu nzima, mlango ukigongwa na ukifunguliwa, ingelipwa Mombasa bila makato. Kampuni haikufa.

Hapo ningeweza kuishia, nikaomba mia ipite bure, nikaweka sahihi. Lakini nina mama.

Mama yangu yuko Muheza, anauza machungwa. Ana simu ya kitochi. Kwa muda mrefu alikuwa analalamika kwamba akiweka vocha ya buku, kesho yake haipo, na sisi watoto tukimjibu kwa mkato kwamba anaongea sana. Sikukuu moja nilikaa naye barazani nikafungua meseji zake. Zilikuwa mamia, hazijasomwa. Nyota yako leo. Matokeo ya ligi ya Uingereza. Siri za mapenzi. Mapishi ya keki, kwa mtu anayepikia kuni. Mama yangu mpira anaoujua ni Coastal Union peke yake, na hiyo ni kwa sababu marehemu baba alikuwa haongei mechi zikiharibika. Kila huduma ilikuwa inakata mia, nyingine mia na hamsini, kwa siku. Nilipiga huduma kwa wateja, mtandao siutaji, nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba mteja alijiunga mwenyewe. Huenda alibonyeza namba moja ili meseji iondoke kwenye kioo. Nikaelekezwa neno la kuandika na namba fupi ya kutuma, tofauti kwa kila huduma, na moja kati ya hizo ilijibu kwamba salio halitoshi kujiondoa. Sikujumlisha zilikatwa ngapi kwa miaka yote. Niliogopa jibu.

Waheshimiwa, mia ya mama ilivuka. Haikukwama kwenye jedwali lolote. Nchi ile ile ambayo mia ya msomaji wangu haipiti bila ada imekuwa ikipitisha mia ya mama kila asubuhi bila kumuuliza. Najua mtakalosema: ile ni salio la vocha, hii ni pesa ya simu, ni vitabu viwili, moja inasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na nyingine na Benki Kuu. Kwenu ni vitabu viwili. Kwa mama ni simu moja, imefungwa kwa raba ili betri isitoke. Ndiyo sababu barua hii nimewaandikia wote pamoja. Nikimwandikia mmoja atanielekeza kwa mwenzake.

Jambo linaloifanya mia kuwa na manufaa kwangu ndilo linaloifanya iwe hatari kwa mama: haiumi. Mtu akikatwa elfu hamsini atapiga kelele mpaka usiku. Akikatwa mia atadhani amekosea hesabu. Kwa hiyo njia ya mia ikifunguliwa ovyo, wa kwanza kuingia hatakuwa mwandishi wa simulizi. Atakuwa mwenye mkeka, yaani mchezesha kamari ya mechi. Vijana wa kijiweni hapa nje wanaweka jero kwenye mechi za nchi ambazo hawawezi kuzionyesha kwenye ramani. Wakiruhusiwa mia, bila ada, kila dakika ya mchezo, sijui nani atabaki na nauli. Wa pili atakuwa mkopeshaji wa mtandaoni, yule anayekata kidogo kidogo kila ukipokea. Nimeona watu wakipokea elfu kumi ya matibabu ikayeyuka wakiiangalia.

Niongeze na kasoro nyingine, ambayo inanihusu mimi na si nyinyi. Kuna kampuni ya Uholanzi, Blendle, iliyoanza mwaka 2014 kuuza habari za magazeti moja moja kwa senti chache, tena ukisoma usiridhike unarudishiwa hela yako. Ilisifiwa sana. Mwaka 2019 iliacha kuuza moja moja ikahamia kwenye malipo ya mwezi. Mwanzoni niliposikia nilidhani ni ada tena. Baadaye nikajaribu mwenyewe, na wasomaji wangu wenye uwezo, kuuza kila sehemu mia. Waliolipa buku bila kusita kwa simulizi nzima walianza kusitasita kila sehemu ilipoisha. Kulipa kunachosha hata kama ni kidogo, kwa sababu kila mara lazima ujiulize kama inafaa, na mtu aliyejiuliza mara tisa atapata sababu ya kuacha. Kwa hiyo siwaombi mia nikidhani itanitajirisha. Wenye buku wataendelea kulipa buku. Mia ni ya yule binti wa Dar es Salaam, ambaye kwake kujiuliza ni jambo la kila siku, hata kwenye chumvi.

Ninachoomba nimekitoa kwenye khanga ya mama. Akienda sokoni hachukui hela zote. Zake zipo anapojua yeye, chini ya godoro au ndani ya kopo la kahawa, na kutoka pale mpaka mkono wake mwenyewe. Anachukua za kutosha siku hiyo anazifunga kwenye pindo la khanga. Njiani anafungua fundo, ananunua kitumbua, anampa mtoto wa jirani hamsini, hapigi hesabu kubwa. Fundo likiisha limeisha. Mwizi akilikata, amepata fundo, hajapata kopo.

Wekeni fundo kwenye pesa ya simu. Mfuko mdogo pembeni ya akaunti, ambao mwenyewe anaujaza kwa namba yake ya siri, na ambao hauwezi kubeba zaidi ya kiasi fulani. Mimi ningesema shilingi 5,000, nyinyi mna wachumi. Kutoka humo mtu alipe mia, mia mbili, mia tano, bila ada, bila tozo, bila kuandika namba ya siri kila mara. Usijijaze wenyewe kamwe. India wana kitu cha namna hii: malipo yao ya simu ya UPI hayamkati muuzaji tangu Januari 2020, na Septemba 2022 wakaongeza UPI Lite, mfuko ambao mwanzoni ulibeba hadi rupia 2,000, na malipo madogo, yasiyozidi rupia 200, yalipita bila namba ya siri. Sisi tuna TIPS, mfumo ambao Benki Kuu imeujenga yenyewe ili mitandao na benki zizungumze papo kwa papo. Mtambo upo. Kinachokosekana ni agizo.

Gharama za mitambo nazijua, siombi muujiza. Mnaweza kutukata wakati wa kujaza fundo, mara moja, kama Mangi anavyoweka faida yake ndani ya mafuta. Mnaweza kunikata mimi ninayepokea, nikishakusanya mia zangu mia mbili na kwenda kuzitoa kwa wakala. Hapo nitalipa, na ya kutolea nitaitoa mwenyewe.

Mkeka na mikopo visiguse fundo. Hili si la majadiliano, na kama lazima tuchague kati ya fundo lenye mkeka na kukosa fundo kabisa, basi niacheni na dumu langu.

Kwa TCRA nina ombi la peke yake. Huduma yoyote inayokata salio kila siku iwe inakufa yenyewe baada ya siku saba, mpaka mwenye simu aseme tena ndiyo. Kwa sasa kimya cha mama kinahesabiwa kuwa ridhaa. Iwe kimya ni hapana. Na kuwe na neno moja la kujiondoa kwenye zote, kwa mitandao yote, la bure, neno ambalo mtu anaweza kumfundisha mama yake kwa simu. Ninyi mnasajili laini kwa alama za vidole vyetu. Mkitaka kujua kama ni mama aliyeomba matokeo ya ligi ya Uingereza, nyenzo mnazo.

Tena mkumbuke leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza mwaka 2018, mwenye blogu alitakiwa kulipa laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Milioni moja kwa mia mia ni wasomaji 10,000 kabla sijanunua daftari. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda kuomba lipa namba, ile namba ya dukani ya kupokelea malipo, ili wasomaji wasikatwe. Kijana wa dirishani, mstaarabu tu, akaniuliza duka langu liko wapi. Nikamwambia liko kwenye simu. Akanitazama, akaniuliza tena duka liko wapi. Nilirudi nyumbani. Kuweni na daraja la wafanyabiashara wa mia: kitambulisho cha taifa, namba ya simu, basi, wakipita kiasi fulani kwa mwaka wapande daraja na walipe kodi kama wengine.

Nina wasomaji Muscat pia, wengi wao mabinti wa kazi kama yule wa Dar es Salaam, wanaonilipa kupitia kwa dada zao Tanga. Hilo la kuvuka mpaka naliacha, ni barua nyingine na ina watu wengine wa kuilaumu.

Nikijibiwa nitafurahi. Nisipojibiwa nitaendelea kumpa bure yule binti, kwa sababu tumefika sehemu ya kumi na nne na amenionya kwamba nikimuua mhusika mkuu hatanisamehe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa simulizi,
Kihonda, Morogoro.

Nakala: Mama, Muheza (atasomewa).